Tochi ya Kubana kwa Meno

Tochi yangu kubwa ilizama ziwani mwaka ule vita vya ng'ambo vilipoanza kutuletea watu wengi upande wetu wa ziwa Mweru. Sikuilia. Lilikuwa bati zito la kumeza betri nene, na nilikuwa nimelibeba kwapani miaka yote ya biashara yangu kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani. Nilikuwa nashuka mashuani pale Kashikishi, mguu mmoja tayari majini, karai la chisense, wale dagaa wetu, mikononi, bati likaniponyoka kwapani likaenda chini. Wabebaji wa mizigo walicheka. Wale hucheka hata mtu akipiga chafya.

Mimi ni mzaliwa wa ng'ambo, upande wa Kongo. Niliolewa Nchelenge, mume akafa, nikabaki katika nyumba yake pamoja na dada yake mkubwa, ambaye kwa Kibemba tuliitana mulamu. Kazi yangu ilikuwa kununua samaki wa moshi kisiwani Kilwa, ziwani humohumo, kuwaleta bara kwa mashua, na kuwapakia kwenye malori ya kwenda miji ya migodi. Kazi hiyo haifanyiki bila mwanga. Muuzaji wa samaki wa moshi ni mtu mwenye maneno matamu na ghala lisilo na dirisha, na vyote viwili amevitengeneza makusudi. Juu ya kikapu atapanga samaki wekundu, wakavu, wanaong'aa mafuta. Chini yao amelaza wale walioliwa na wadudu mpaka wamebaki ngozi na unga. Ukitaka kumkamata, inabidi uiname ndani ya kikapu, mkono mmoja uinue samaki wa juu, mwingine upekue wa chini. Mkono wa tochi unatoka wapi? Kwa tochi kubwa nilikuwa naangalia nusu tu ya kila kikapu, na nusu nyingine nilikuwa namwachia mwizi.

Kwa hiyo nilipoona bati lile linazama, niliamua hapohapo. Safari hii nitatafuta tochi ndogo, ya kuning'inia kwenye funguo zangu, ambayo naweza kuibana kwa meno mikono ikafanya kazi. Funguo sijawahi kuzipoteza. Ya nyumba, ya stoo, na ya sanduku, zote zilikaa kwenye fundo la kitenge changu, na nikilala zilikuwa chini ya mto.

Nilidhani ni kitu cha kununua asubuhi moja. Nilikuwa sijawafahamu vizuri wauza vitu vidogo.

Walikuwa wamejipanga karibu na mahali ambapo mabasi madogo hungojea abiria wa Mansa, kila mmoja na meza yake ya saa, viwembe, miwani na takataka zilizovuka mipaka mingi bila kumfaa mtu yeyote. Tochi za funguo walikuwa nazo nyingi. Moja ilikuwa na umbo la samaki, mwanga unatoka mdomoni. Nyingine bastola. Nyingine mpira wa miguu. Waliozitengeneza walifikiria kila kitu isipokuwa mwanga. Ile ya samaki ilijiwasha yenyewe ikibanwa kidogo tu, maana yake ingewaka ndani ya fundo la kitenge tangu Nchelenge mpaka kisiwani, na nikifika iwe maiti. Ile ya bastola ilikula betri ndogo mviringo kama vifungo vya shati. Nilimwuliza mwenye meza betri hizo zikiisha nitapata wapi nyingine. Akanijibu kwamba zikiisha nitarudi kununua tochi nyingine. Alisema hivyo bila aibu, huku anatafuna muwa, kama mtu anayeeleza jambo la heri.

Shida nyingine ni kwamba jua la Nchelenge halimruhusu mtu kupima tochi. Mchana kila taa inaonekana sawa, yaani haionekani kabisa, na wauzaji wanalijua hilo. Nikabuni njia yangu. Nilijifunika kitenge kichwani chote, kama mtu anayejifukiza mvuke wa majani kwa ajili ya mafua, nikawasha tochi ndani humo na kuangalia kiganja changu. Nikiona mistari ya kiganja, tutazungumza. Nisipoiona, chukua kitu chako. Watu walisimama kuniangalia. Mwanamke mmoja aliniuliza kama naumwa. Nilivipima vyote kimoja kimoja na kuvirudisha mezani, na wenye meza wakaanza kuniangalia kama mtu aliyewatukana mama zao.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu na hasira. Mulamu alinisikiliza, na kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba alilipeleka jambo hilo kwa yule bwana.

Yule bwana lazima nimweleze, ingawa hastahili maneno mengi. Alikuwa amekuja kutoka Lubumbashi na wale wafanyabiashara waliofuata vita kama inzi wafuatavyo ndoo ya samaki, akapanga chumba karibu na soko. Aliuza saa, redio na manukato. Alivaa shati lenye vitambaa vya mabegani kama rubani, na kiunoni alining'iniza mnyororo wa funguo nyingi uliolia akitembea, ingawa chumba chake kilikuwa na kufuli moja na hakuwa na kingine duniani cha kufunga. Kanisani alikaa mstari wa mbele na kuitikia kabla mhubiri hajamaliza sentensi. Alikuwa ananitaka. Au niseme alikuwa anaitaka nyumba yenye bati na stoo yenye mlango, na mimi nilikuwa ndani yake.

Mulamu alimpenda. Hakuwa mjinga, mulamu wangu. Alikuwa amechoka tu. Alitaka watu wapite waone suruali ya mwanamume imeanikwa kwenye kamba yetu ya nguo, basi. Kwa hilo simlaumu. Namlaumu kwa kuchagua suruali ile.

Jumapili baada ya ibada yule bwana alikuja na kifurushi kilichofungwa kwa karatasi ya gazeti la picha. Alikaa kwenye kiti cha marehemu bila kukaribishwa, akatwambia tufunge madirisha, akafungua kifurushi. Ndani kulikuwa na kitu cha rangi ya shaba, kifupi kama kipande cha chaki, chenye kijimnyororo. Akakibonyeza. Ukutani, juu ya kalenda ya kanisa, kikatokea kitone chekundu, kidogo kama jicho la panya.

Mulamu akashika mdomo. Yule bwana akatabasamu kama aliyeumba jua. Akatoa vifuniko vidogo mfukoni, akavibadilisha kimoja kimoja. Kitone kikawa kipepeo, kikawa nyota, kisha kikawa mwanamke asiye na nguo. Hicho alikivua haraka sana na kukirudisha mfukoni, huku akikohoa.

Nilimwuliza kama kinaweza kunionyesha tumbo la samaki. Hakunielewa. Nikamwuliza tena.

"Mama, hii haiko tochi ya kuangalia kintu ya karibu," alisema kwa upole wa mtu anayefundisha watoto. "Hii inafika mpaka Kongo."

"Mimi niko natafuta wadudu mu kikapu," nilimjibu. "Sitafute kintu mu Kongo."

Alicheka na kumgeukia mulamu, kana kwamba wao wawili ndio walioelewana. Nikainuka kwenda kumletea maji ya kunywa, kwa sababu mgeni ni mgeni hata akiwa wa namna ile. Niliporudi, nilikuta amechukua funguo zangu, nilizokuwa nimezitua mezani tulipotoka ibadani, na kukifunga kile kitu chake humo kwa mikono yake mwenyewe. Mulamu alikuwa ananiangalia kwa macho ya kuomba. Nikaweka maji mezani. Niliona si vizuri kumwaibisha mulamu ndani ya nyumba ya kaka yake kwa ajili ya kijichaki. Nilisema moyoni nitakitoa kesho, lakini kiduara chake kilikuwa kigumu na kucha zangu zilikuwa zimeliwa na chumvi, kikabaki.

Siku chache baadaye, jua likiwa linaelekea kuzama, nilikuwa bandarini nikingojea mashua yangu kutoka kisiwani. Asiyekuwepo siku hizo asingeamini jinsi ufuko ulivyokuwa umebadilika. Mashua zilileta wanawake waliobeba magodoro kichwani, wazee waliofungwa blanketi, kuku, cherehani. Askari wetu walikuwa wameweka kituo kidogo karibu na maji, na agizo lao lilijulikana kwa kila mtu. Mtu yeyote asiwashe taa kuelekea ziwani bila kuwaambia, kwa maana haikujulikana nani yuko ng'ambo anangojea ishara gani. Hata wavuvi wa chisense, ambao maisha yao ni taa, walikuwa wanaomba ruhusa.

Yule bwana akaja pamoja na mulamu, amependeza, mnyororo unalia. Watu walikuwa wengi, na mtu wa aina ile akiona watu wengi hawezi kujizuia. Aliniomba funguo ili awaonyeshe wavuvi. Nilimwambia si mahali pake. Mulamu akasema nimpe tu, dakika moja. Nikampa.

Alianza na mbuzi. Akapaka kitone ubavuni mwa mbuzi, watu wakacheka. Akapaka kwenye ubao wa basi, kwenye mgongo wa mbebaji, kwenye paji la uso la mlevi mmoja aliyejaribu kukifuta kwa mkono. Kila kicheko kilimwongezea kimo. Mwishowe akakivika kile kitu kifuniko cha kipepeo, akanyoosha mkono kuelekea ziwani, kwenye mashua zilizokuwa zinaingia, akawa anampitisha kipepeo kutoka ubavu hadi ubavu, akieleza kwa sauti jinsi anavyofika Kongo.

Askari wawili walishuka mbio. Sijawahi kuona umati ukiyeyuka namna ile. Wavuvi walikumbuka nyavu zao, mlevi alikumbuka kwao. Tulibaki sisi watatu kwenye mchanga, na nyuma ya askari akaja mkubwa wao, mtu mnene mwenye uchovu, aliyezungumza Kiswahili cha biashara kama sisi.

"Nani alikuwa anawasha hii kintu?" aliuliza.

Kile kitu kilikuwa bado kiko mkononi mwa yule bwana. Kidole chake kilikuwa bado kiko juu ya kitufe. Akakitazama kana kwamba mtu amempachika pale usingizini.

"Funguo ni ya huyu mama, shefu," alisema. "Mimi nilikuwa namushikia tu. Na yeye ni mutu wa ng'ambo, iko na bandugu kule."

Nimesikia matusi mengi maishani. Nimetukanwa na wenye mashua, na wenye malori, na marehemu mama mkwe wangu, aliyekuwa na kipaji. Hakuna lililonigusa kama lile, lililosemwa kwa heshima yote. Kwanza nilipata baridi, maana lilikuwa kweli. Nina ndugu kule, na mwaka ule watu walikuwa wanaulizwa maswali kwa habari ndogo kuliko hiyo. Kisha baridi ikaondoka, nikamtazama yule mtu na mabega yake ya rubani, aliyevuka mwenyewe kutoka Lubumbashi juzi tu, nikaona sina woga tena. Nilichoona mbele yangu kilikuwa kidogo mno kwa kuogopwa.

"Funguo ni yangu," nilimwambia mkubwa. "Hii kintu nyekundu ni ya huyu papa, na kidole yenye ilikuwa inaikamata ni yake."

Walitupeleka kituoni, chumba cha matofali chenye meza na benchi. Mkubwa alikaa, akazigeuzageuza funguo zangu, akamwuliza mulamu yeye ni nani. Mulamu akaeleza kwamba mimi ni mke wa kaka yake aliyelala makaburini pale juu, kwamba nimekaa Nchelenge miaka mingi kuliko baadhi ya askari wale walivyokaa duniani. Yule bwana alikaa mwisho wa benchi, mbali nasi, magoti pamoja, mnyororo wake umenyamaza.

Kisha mkubwa akakibonyeza kile kitu. Hakujua kwamba kifuniko kimoja kilikuwa kimebaki juu yake. Ukutani akatokea kipepeo mwekundu. Askari mmoja akacheka, wa pili akacheka, na mkubwa mwenyewe, baada ya kumrusha kipepeo kwenye dari na kwenye kofia ya mwenzake, akacheka mpaka akafuta macho. Chumba kizima kililegea. Na hapo, kwa kuwa hatari ilikuwa imetoka nje na kicheko kimeingia, yule bwana akasogea kwenye benchi, akajikohoza, akapata tena mabega yake.

"Ni ya mimi, shefu," alisema, huku anatabasamu. "Niliitosha ku Lubumbashi, nikaileta huku. Iko ya kalite, ya bei kali."

Mkubwa aliacha kucheka polepole. Alimtazama kwa muda, jinsi mtu anavyomtazama mende kabla hajaamua. Kisha akachomoa kile kitu kwenye funguo zangu kwa ncha ya kisu, akazisukuma funguo upande wangu wa meza.

"Bamayo, nendeni nyumbani," alituambia, akituita mama kwa Kibemba. Kwa yule bwana alisema abaki, alete karatasi zake za kuvukia.

Hakuwa nazo. Alilala kwenye benchi lile, na asubuhi walimpandisha basi la Mansa akaelezee mambo yake kwa wanaohusika. Watu waliomwona akipanda walisema alikuwa analalamika kuhusu shati lake, kwamba limekunjamana.

Njiani kurudi nyumbani jioni ile mulamu alitangulia. Tulipita sokoni, tukapita kanisani, tukafika. Alipika, tukala. Alipokuwa anakusanya sahani ndipo aliponiambia, bila kunitazama, "Mulamu, kesho twende pamoja tutafute tochi." Sikumjibu kitu zaidi ya ndiyo. Hilo lilitosha kwake, na kwangu pia.

Kesho yake hatukwenda kwenye zile meza. Upande wa pili wa soko walikaa watu waliovuka, wameweka chini vitu vya nyumbani walivyofanikiwa kutoka navyo. Vijiko, vifuniko vya sufuria visivyo na sufuria, pasi ya mkaa, viatu vya kanisani. Mama mmoja wa Pweto, mji wa ng'ambo, mwenye mtoto mgongoni, alikuwa na kitenge kimetandikwa, na kati ya vijiko vyake kulikuwa na tochi ya chuma, ndefu kama kidole cha kati, na kitundu mkiani cha kupitishia pete ya funguo. Nilimwuliza inawashwaje. Akaonyesha kwa mikono. Unazungusha kichwa, inawaka. Unairudisha, inazima. Haikuwa na kitufe cha kujibonyeza chenyewe ndani ya fundo. Betri yake ilikuwa moja, nyembamba, ya namna ileile iliyokuwa inatia uhai saa za ukutani, na kila duka Nchelenge liliuza. Hakuisifu. Hilo peke yake lilinifanya nikae chini.

Nilijifunika kitenge. Mulamu naye akaingiza kichwa chake ndani, tukawa wanawake wawili wazima chini ya nguo moja katikati ya soko. Niliona mistari ya kiganja. Niliona kovu la ndoana kwenye kidole gumba. Niliona nyuzi za kitenge zilivyopishana. Mulamu aliona hata mvi yake moja iliyonidondokea mkononi, akaipuliza. Nilikuwa nimejiandaa kudharau, nikakosa pa kuanzia.

Tulipotoka, nilipitisha kidole kwenye mwili wa ile tochi, nikahisi vishimo vidogo kwenye chuma, viwili juu, viwili chini. Nikamtazama yule mama.

"Mume wangu alikuwa anatengeneza redio," alisema. "Aliikamataka na meno."

Hakusema mume yuko wapi, na sikumwuliza. Nilimpa alichotaka bila kuomba apunguze. Mulamu, ambaye hubishania hata nyanya iliyopasuka, alinisaidia kuhesabu pesa.

Safari ya kwanza kisiwani Kilwa niliingia katika ghala la mzee mmoja ambaye nilikuwa namshuku siku zote. Nilizungusha kichwa cha tochi, nikaibana kwa meno, nikaingiza mikono yote miwili ndani ya kikapu mpaka kwenye kiwiko. Mzee alianza kunisimulia habari za wajukuu, za upepo, za samaki wa zamani walivyokuwa wakubwa. Kwa kawaida ningemjibu, kwa sababu ya adabu, na hapo ndipo alipokuwa ananipata. Sasa mdomo wangu ulikuwa umejaa. Alisimulia peke yake mpaka nilipofika chini na kumtolea nje, mmoja baada ya mwingine, samaki waliobaki maganda. Aliniambia ni panya. Nilimtazama tu, tochi ingali mdomoni, mwanga umempata usoni, akaacha kusema panya.

Yule bwana wa kitone nilimwona mara moja tena, Mansa, nimesindikiza mzigo. Alikuwa anauza miwani ya jua kwenye kituo cha mabasi, na shati lilikuwa lile lile. Aliniita mama kwa shangwe na kuniuliza habari za nyumbani, kana kwamba tuliachana kwa heri. Nilimwuliza bei ya miwani, nikaijaribu, nikamrudishia nikimwambia haionyeshi kitu. Ilikuwa kweli, haikuonyesha.

Yule mama wa Pweto alikuja nyumbani kwetu siku ambayo malori yalikuwa yanawapeleka kambini waliovuka. Hakuja kuirudisha biashara. Aliomba tu aione ile tochi. Nilizifungua funguo kutoka kwenye fundo la kitenge, nikampa zote pamoja. Akazungusha kichwa, ikawaka. Akazungusha, ikazima. Aliishika kidogo karibu na uso wake, sijui alikuwa anainusa au anaiangalia. Mulamu akamletea maji, akayanywa yote akiwa amesimama. Kisha akanirudishia funguo, akarekebisha mtoto mgongoni, akatuuliza njia fupi ya kufika kwenye malori. Tukamwonyesha, na mulamu akamsindikiza mpaka barabarani.